Nyumba ya Ndoo

Tangi la choo chetu liliharibika wiki mbili kabla ya Ramadhani. Sikumbuki ilikuwa Ramadhani ipi, na nawaomba msimuulize mke wangu, kwa sababu yeye anakumbuka. Tangu siku hiyo tunatumia ndoo. Ni ndoo ya buluu, iliingia nyumbani ikiwa na rangi ya ukutani ndani yake, na mimi sijaona kosa lake. Haina springi ya kukatika, haina mpira wa kulegea, wala haivuji usiku kwa sauti ya mtu anayelia kwa siri.

Lakini Mama Zuhura alikuwa ameshapitisha kwamba Jumamosi ile ni siku ya fundi. Alilitamka neno hilo kama watu wanavyotamka siku ya hesabu. Ijumaa usiku nimekaa sebuleni nikitafuta pa kukimbilia, mara binti yetu Zuhura, yuko darasa la sita, akatoa daftari na kusema mwalimu anataka insha juu ya miji ya kale ya Kaunti ya Kilifi. Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Mimi huyu, ambaye kwenye mikutano ya wazazi hukaa kiti cha karibu na mlango.

"Mtoto hawezi kuandika juu ya mji ambao hajauona," nikatangaza. "Kesho tunakwenda Takaungu, Mnarani, Gede na Malindi. Yote kwa siku moja."

"Na fundi?" akauliza Mama Zuhura.

"Fundi yupo siku zote."

"Na choo pia kipo siku zote, Baba Zuhura. Kimekaa tu." Kisha akanyamaza kidogo, na mtu aliyeoa anajua kwamba kimya cha namna hiyo kina gharama. "Basi tumchukue na Mama. Ana hamu ya kwenda kwao Takaungu."

Wahenga walisema ukiruka majivu utakanyaga moto. Upo msemo mwingine wa namna hiyohiyo, unaoanza na kuruka mkojo, nao ungefaa zaidi kwa habari hii, lakini mhariri ataukata.

Gari lilikuwa la jirani. Alinipa kwa masharti ambayo benki ingeona haya kuyaandika: nijaze mafuta, watu wasile ndani, na kioo cha nyuma upande wa kushoto kisishushwe kamwe, kwa kuwa kikishuka hakipandi. Mama mkwe aliingia, akakaa nyuma upande wa kushoto, akasema "Uuh, joto!" na kukishusha. Tulikuwa bado hatujatoka kwenye uchochoro.

Ratiba yangu ilisema tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili na nusu tulikuwa tungali tunapakia: kikapu cha mahamri, sufuria ya mbaazi iliyofungwa kwa leso, chupa mbili za chai, mkeka, mto, dawa za presha na mkungu wa ndizi.

"Mama, tunarudi leo hii hii," nikasema kwa adabu.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimechukua vichache."

Daraja la Mtwapa ndipo Kaunti ya Kilifi inapoanza, na ndipo Jumamosi za watu wengi zinapokufa. Barabara inapanuliwa, na barabara ikipanuliwa kwanza hufinywa. Tukakaa. Muuza korosho alitupita akienda, akatupita akirudi, mara ya tatu akatusalimia kama majirani. Zuhura akafungua kitabu chake akatusomea kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, zawadi kwa mfalme mkuu wa huko, zama zile za merikebu za Zheng He.

"Baba, twiga alifikaje mbali hivyo?"

"Alikwenda kwa bahari, mwanangu. Angepitia Mtwapa angezalia njiani."

Tulipofika penye njia ya kwenda Jumba la Mtwana, nikawaeleza kwamba huo nao ni mji wa mawe wa karne ya 14 na ya 15, una misikiti, uko juu ya bahari kabisa, ila leo muda hauturuhusu. Mama Zuhura akatazama nje ya dirisha.

"Kumbe hata mtwana alikuwa na jumba," akasema polepole.

Nikabadilisha gia. Gari lilikuwa limesimama, lakini nilibadilisha.

*

Takaungu iko upande wa baharini, mbali kidogo na barabara kuu. Mama mkwe alizaliwa huko, na kuanzia tulipokata kona akawa yeye ndiye dereva, mimi nikawa wa kushika usukani tu. Alitusimulia habari za Wamazrui kana kwamba alikuwa amekaa barazani akiwatazama. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Oman alipowang'oa Mombasa, baadhi yao walikwenda Gazi, kusini, na wengine wakaja hapa Takaungu. Wakakaa, wakalimisha watumwa mashamba, wakatajirika. Hata mwaka 1895 liwali Salim bin Khamis alipofariki, Waingereza wakataka kiti chake akikalie Rashid bin Salim. Mbaruk bin Rashid, mzee wa Gazi, akasema haiwi. Vita vikashika pwani nzima hadi mwaka uliofuata, Mbaruk akakimbilia kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910.

"Yote hayo kwa ajili ya kiti," akamaliza mama mkwe.

"Kwetu pia kuna kiti kina vita," akasema mwanawe.

Nilikuwa nimepanga Takaungu dakika 30. Ratiba haikujua kwamba mama mkwe ana binamu watatu pale, na kila binamu ana sufuria. "Hamuwezi kupita hivi hivi" ni maneno mepesi, lakini nimeona watu wakilala kwa ajili yake. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka saa tano asubuhi. Tukahamia nyumba ya pili tukala viazi vya nazi. Nyumba ya tatu tukaapa kwamba tumeshiba, wakatuletea kidogo tu, kidogo chenyewe kikaja juu ya sinia. Kwa hiyo nikiulizwa nimeona nini katika mji huu wa kihistoria, nitasema niliona kuta kuukuu zilizoota majani, mkono wa bahari wenye rangi nisiyoweza kuilipia, na masinia.

Jambo moja zaidi. Nimejinyoosha kwenye mkeka, shibe imenishika, nikasikia kutoka uani sauti ambayo masikio yangu yalikuwa yameisahau: choo kikimwaga maji chenyewe. Kilimwaga kwa nguvu, kikanyamaza, kisha tangi likaanza kujaa taratibu kwa mluzi mwembamba, kama mtu mwenye dhamiri safi. Zuhura akarudi macho yamemtoka.

"Baba! Chao kina mpini na unafanya kazi!"

Binamu wote watatu walinitazama.

*

Mnarani iko ng'ambo hii ya Mto wa Kilifi, kabla hujavuka. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991, na kabla ya hapo watu walikuwa wakivushwa kwa feri. Mama mkwe anaikumbuka feri kwa mapenzi makubwa. Anasema foleni yake ilikuwa na adabu, watu wakijuana, wakiuziana ndizi na kuozeshana watoto. Mimi nilifikiri foleni ni foleni, nikanyamaza.

Magofu yenyewe yako juu ya jabali, na kutoka kule chini majini kuna ngazi. Sikuzihesabu, goti langu la kulia lilizihesabu. Kijana wa kututembeza, mchangamfu, amekunja mikono ya shati, akanipa mkono: "Pole pole, mzee." Nina miaka 51. Mama mkwe, ambaye ana miaka 74 na mkungu wa ndizi, alikuwa ameshafika juu.

Nikubali kwamba juu pale pazuri. Kuna msikiti ambao maandishi yaliyochongwa kwenye kibla chake ni laini kama nakshi za kofia, kuna kaburi lenye mnara mrefu, na kuna mbuyu ambao familia yetu yote haikuweza kuukumbatia hata tulipomwongeza yule kijana. Mji huu ulikuwa hai tangu karne ya 14 hivi, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa mashambulizi ya Wagalla, ambao leo tunawaita Waoromo. Nilisimama kivulini nikawaza kwamba watu hawa walikuwa na mandhari ambayo leo hoteli ingeitoza bei ya ng'ombe kwa usiku mmoja, na wao waliipata kwa kuamka tu.

"Chokaa yao bado imeshika," akasema kijana, akigonga ukuta kwa kidole.

Mama Zuhura naye akagonga. "Enhe," akasema. "Hawa walikuwa na mafundi."

*

Gede tulifika saa tisa. Mahali hapa nilikuwa nimepapangia hotuba. Nilitaka kumweleza binti yangu kwamba mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Kwamba ulikuwa umefichwa na msitu hata serikali ikaanza kuulinda miaka ya 1920. Kwamba James Kirkman aliuchimba kwa miaka kumi tangu 1948, akakuta vyombo vya kauri kutoka China, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Nilikuwa nimefika "kauri" wakati nyani, au tuseme kima, maana kijana wa kututembeza alinisahihisha mara moja, alipoteremka kwenye mti, akachukua hamri mkononi mwangu, akapanda juu ya ukuta wa karne ya 15 na kulila akinitazama. Halikuwa la kwanza kwake. Alilipasua katikati akatafuta mbaazi.

"Anaona mzee ni mgeni," akasema kijana. Huyu naye!

Kuna jambo moja la Gede nililolipenda kutoka moyoni. Wareno walikaa Malindi, kilomita kama 15 tu kutoka hapa, karibu karne nzima ya 16, wakaandika barua na ripoti kila kukicha, na katika maandishi yao mji huu hautajwi. Wanahistoria wanaliita fumbo. Mimi naliita ujirani mwema. Mji mzima wenye jumba la mfalme, msikiti mkuu na maduka ya kauri, na hakuna aliyewaambia watu wa kodi. Natamani mtaa wetu ungekuwa na siri ya namna hiyo.

Kisha tukaingia kwenye nyumba za matajiri, na hapo ndipo siku iliponigeukia.

"Na hiki," akasema kijana kwa fahari, akielekeza kwenye chumba kidogo cha mawe nyuma ya vyumba vya kulala, "ni choo."

Niliangalia juu, kwenye miti. Kulikuwa na ndege, nikauliza ni ndege gani. Hakuna aliyenijibu. Mke wangu, binti yangu na mama mkwe walikuwa wameinama wote watatu juu ya kile choo kama watu waliofika ziara.

Kijana akaeleza kwa kituo. Hapa pa kuchutamia, shimo lake limejengwa likaenda chini. Pembeni hapa pa kuchambia kwa maji. Hapa wakiweka vyungu. Kila kitu kimesakafiwa chokaa, na kiko ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani, zaidi ya miaka 500 iliyopita.

"Na kilikuwa kinafanya kazi?" akauliza Mama Zuhura.

"Sana, mama. Ukikisafisha na ukileta maji, hata leo kinafaa."

"Hata leo," akarudia Mama Zuhura.

"Hata leo," akasema mama mkwe.

Kima alikohoa ukutani.

Tukatolewa hapo, nikidhani yamekwisha. Kijana akatueleza kwamba nyumba za Gede hazijulikani majina ya wenyewe, kwa hiyo wachimbaji waliziita kwa vitu walivyovikuta ndani. Hii hapa Nyumba ya Mkasi. Ile Nyumba ya Kauri. Kule Nyumba ya Taa ya Chuma. Mtu aliishi humu maisha yake yote, akaoa, akajenga, akasafirisha bidhaa hadi Uhindi, na leo anaitwa kwa mkasi uliomponyoka nyuma ya kabati.

Zuhura aliwaza kidogo. Ni mtoto mwenye akili, ameipata kwa mama yake.

"Baba, na wakija kuichimba nyumba yetu, wataiita Nyumba ya Ndoo?"

Nimewahi kuchekwa maishani. Nilichekwa siku ya harusi yangu, kanzu iliponinasa mlangoni. Lakini sijawahi kuchekwa na vizazi vitatu vya ukoo mmoja ndani ya urithi wa dunia. Mama mkwe alikaa juu ya ukuta akashika mbavu. Kijana wa kututembeza aligeuka upande wa pili kwa heshima, mabega yakimtikisika.

Ili kubadilisha mazungumzo nikauliza kuhusu kisima kirefu kilicho karibu na msikiti mkuu. Kosa jingine. Kijana akaeleza kwamba maji ya chini ya ardhi yalikuwa yakishuka, na watu wa Gede kila yalipowakimbia waliyafuata chini, wakachimba tena, hata ilipofika karne ya 17 mji ukaachwa. Wengine husema ni vita ndivyo vilivyowaondoa, wengine husema ni kisima hicho. Niliinama nikatazama ndani, kuna giza na ubaridi na harufu ya majani. Na wazo likanijia ambalo sikulikaribisha: watu hawa maji yaliposhuka, walichimba. Mimi maji yalipokataa kupanda futi moja ndani ya tangi, nilichukua ndoo. Kisha kila Mswahili akija hapa, mimi nikiwa wa kwanza, anapiga kifua na kusema "wazee wetu", kana kwamba chokaa ile aliichanganya yeye.

Sikulisema kwa sauti. Nilikuwa na maadui wa kutosha.

*

Malindi tulifika jua linashuka. Njiani nilikuwa nimewaahidi machweo ya baharini, tutakaa chini ya nguzo ya Vasco da Gama tutazame jua likizama majini. Nimezaliwa pwani hii, nimeishi hapa miaka 51, na ilinibidi nifike kwenye rasi ile, nimepanga watu kwenye mkeka wakitazama maji, ndipo nikumbuke kwamba bahari yetu iko mashariki. Jua likazama nyuma ya visogo vyetu, upande wa mji, bila sisi.

"Tugeuze mkeka?" akauliza mama mkwe kwa upole.

Nguzo yenyewe ni nyeupe, ina msalaba wa jiwe la Lisbon juu yake. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akitokea Mombasa ambako hakupendwa. Malindi ikampokea kwa shangwe na kumpa rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Mimi kama mtu wa Mombasa nina maoni yangu kuhusu jambo hilo, lakini mbele ya mama mkwe mtu hazungumzi siasa. Nilipopita mjini kutafuta aiskrimu, kijana wa bodaboda aliniita "Ciao, papà!" Nikamwambia mimi natoka Makupa. Akaniambia "Va bene." Aiskrimu ilikuwa na bei ya Kiitaliano pia. Nilinunua moja, nikasema mimi situmii.

Mambrui, ambako kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri, ilibaki kwenye ratiba. Kulikuwa na giza. Nyumbani tulifika saa tano na nusu usiku, kioo cha nyuma kiko chini, mama mkwe amejifunga leso hadi puani, samaki wa Takaungu waliobaki wamelivunja sharti la pili la jirani. Niliingia ndani moja kwa moja hadi chooni. Ndoo ilikuwa tupu na mfereji ulikuwa umekauka. Nilisimama pale gizani nikaiona wazi, imezungushiwa kamba, na kibao kidogo mbele yake.

Jumapili jioni Zuhura alinipa insha yake niisahihishe. Ilikuwa nzuri, haina makosa mengi. Aya ya tatu ilisema: "Watu wa Gede walikuwa na vyoo ndani ya nyumba zao. Sisi pia tuna choo ndani ya nyumba. Baba anakihifadhi kama kilivyo."

Nikachukua simu usiku ule ule, nikampigia fundi. Ni mtu wangu wa siku nyingi, anakaa Bombolulu, ng'ambo tu ya Daraja la Nyali. Nilimweleza shida yote, hata habari za Gede nikamgusia. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema ni kampira kadogo, kazi ya dakika kumi, nisiwe na wasiwasi, na kwamba yuko njiani.

Leo ni Alhamisi. Twiga alitoka Malindi akafika China. Fundi wangu anatoka Bombolulu.

Nawaandikia haya nikiwa nimekaa uani, nasubiri mfereji uteme. Ndoo iko chini yake.